Kachumbari ilivyoniokoa kwenye somo la figo

Miaka miwili nilifundisha figo kwa kukaririsha. Nachora ubaoni kitanzi cha Henle, ule mrija mwembamba wa figo unaoshuka na kupanda, wanafunzi wananakili, kengele inalia, tumepona.

Julai mwaka jana hapa Uyole, baridi ya kuvaa koti darasani, kijana aliyetoka likizo kwao Mbarali akaninyooshea mkono. "Mwalimu, kule nikivuna mpunga nakojoa mara mbili kwa siku, mkojo kama chai ya rangi. Hapa naomba ruhusa kila kipindi, na mkojo ni maji tu. Figo ni zilezile. Nani anaziambia?"

Darasa likacheka. Nikasema nitajibu kesho.

Jioni nikakata vitunguu vya kachumbari, nikavitia chumvi, nikaenda kuwasha jiko. Kurudi, bakuli lina maji chini. Hakuna aliyeyakamua, chumvi imeyavuta. Nikaacha ugali, nikafungua kitabu.

Kumbe muda wote nilikuwa nafundisha kana kwamba figo inapampu maji. Inachopampu ni chumvi. Upande wa kitanzi unaopanda unatoa chumvi nje, na kuta zake hazipitishi maji. Ndani kabisa ya figo chumvi na urea vinajaa hadi ukali wake unafika kama mara nne ya damu. Mrija unaokusanya mkojo unapita humohumo. Ukiwa na vijitundu vya kupitisha maji, maji yanavutwa kurudi mwilini, mkojo unabaki mchache na mzito.

Vijitundu hivyo vinawekwa kwa amri ya homoni ya ADH kutoka kwenye ubongo. Ukitoka jasho Mbarali, inamwagwa kwa wingi. Kwenye baridi mishipa ya ngozi inasinyaa, damu inajaa katikati ya mwili, mwili unadhani maji yamezidi, ADH inapungua. Kati ya lita 180 hivi za maji ambazo figo zinachuja kutoka kwenye damu kwa siku, tunakojoa moja au mbili tu.

Asubuhi nikapita buchani. "Mwalimu, leo figo tupu?" Nikachukua tatu za mbuzi, nikaenda nazo na bakuli la vitunguu. Tulizipasua kwa wembe, wakaona wenyewe gamba la nje na ile sehemu ya ndani yenye rangi tofauti.

Binti wa Mufindi akauliza kuhusu ulanzi. Nikamwambia pombe inaizuia ADH isitoke.

"Aah! Ndiyo maana kitanda cha babu kiko mlangoni."