Risasi kwa Mtutu Mfupi

Namba ya mwendo iliyochapwa ubavuni mwa pakiti ya risasi huwa ya kweli, ila ni kweli ya bunduki nyingine. Mwendo wa risasi za .308 Winchester, aina ambayo bunduki yangu hutumia, kwa kawaida hupimwa kiwandani kwa mtutu wa majaribio wenye urefu wa inchi 24, ilhali bunduki niliyokuwa nimeinunua kwa ajili ya kuwinda kulungu katika msitu mnene, ambako mtutu mrefu hukwama kwenye matawi kila unapogeuka, ilikuwa na mtutu wa inchi 16. Tofauti hiyo ndiyo iliyotupeleka, mimi na mjomba wangu, kwenye uwanja wa shabaha kabla ya msimu wa uwindaji kufunguliwa, tukiwa na risasi za aina tatu, kipima mwendo cha kuazima, na rundo la madumu ya plastiki yaliyojazwa maji.

Mjomba alikuwa amewinda miaka mingi kwa bunduki ndefu, na imani yake haikuwa na mjadala. Alinikabidhi pakiti yake ya risasi za greini 180 (huo ni uzito wa kichwa, yaani ile sehemu inayoruka, kama gramu 11.7) na kusema, "Mpwa wangu, mtutu ukiwa mfupi risasi inapoteza nguvu. Basi wewe rudisha nguvu hiyo kwa uzito."

Hoja hiyo inavutia, na bado naisikia kwa wawindaji wengi. Niliona ina pengo moja tu, lakini pengo kubwa: uzito wa risasi haumwangushi kulungu upesi iwapo kichwa cha risasi hakikutanuka ndani ya mwili, na kutanuka huko kunategemea mwendo ambao risasi imebaki nao inapomfikia mnyama, wala si ule iliotoka nao mdomoni mwa mtutu. Risasi isiyotanuka hutoboa tundu jembamba na kupita, na mnyama aliyejeruhiwa hivyo huweza kukimbia mbali sana kabla ya kuanguka. Kwa hiyo nilimjibu kwa heshima, "Mjomba, tupime kwanza, kisha uniamulie."

Risasi zake za greini 180 zilikuwa za kichwa kigumu, ambacho kiini chake cha madini ya risasi kimeunganishwa na gamba la shaba ili kisivunjike hata kikigonga mfupa mnene. Mimi nilikuwa na za greini 150 zenye ncha laini ya kawaida, na nyingine za greini 130 zilizotengenezwa kwa shaba tupu. Hizi za mwisho nilizipenda kabla hata ya kuzifyatua, kwa sababu hazimwagi vipande vidogo vya madini ya risasi kwenye nyama. Zipo sehemu ambako mwindaji hana hiari katika jambo hilo: jimbo la California, kwa mfano, limezuia risasi zenye madini hayo katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019.

Kipima mwendo hakikutushangaza, lakini kilituondolea ubishi. Risasi ya greini 150, ambayo pakiti iliipa mita 860 kwa sekunde, ilitoka kwa wastani wa mita 805. Ile ya greini 180 ilikuwa imeshuka hadi karibu mita 750, na ya shaba ilikuwa ikipita mita 870. Kwa .308, kila inchi ya mtutu inayokatwa huondoa takriban mita sita hadi nane kwa sekunde, kwa hiyo inchi nane tulizozikosa zilieleza karibu hasara yote. Wala si hasara ya kutisha. Risasi ya .30-30, iliyoingia sokoni mwaka 1895 na kuangusha kulungu wengi kuliko awezavyo mtu kuhesabu, huanza safari yake kwa mwendo mdogo kuliko huo. Siri yake ni kwamba vichwa vyake vimeundwa laini vya kutosha kutanuka kwa mwendo huo mdogo.

Kisichopungua hata kidogo kwenye mtutu mfupi ni kishindo. Gesi hutoka ikiwa bado na shinikizo kubwa, moto huonekana mdomoni hata mchana, na mlipuko wake uko karibu zaidi na uso wa mpigaji. Tulivaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, na sidhani ipo sababu ya kufanya pungufu ya hapo. Mjomba alipendekeza tutafute risasi zenye baruti inayoungua haraka ili moto huo "usipotee bure", lakini hapo pia uzoefu wa wanaojijazia risasi wenyewe hauungi mkono dhana hiyo: kwa ganda lilelile na kichwa kilekile, baruti inayotoa mwendo mkubwa zaidi kwenye mtutu mrefu kwa kawaida ndiyo inayoshinda hata kwenye mfupi.

Madumu tuliyapanga kwa mstari umbali wa mita 200, mbele ya tuta la mchanga. Risasi ya mjomba ilipita yote, nasi tukaikuta mchangani ikiwa imetanuka kutoka unene wake wa karibu milimita 8 hadi kama 11 tu. Ya ncha laini ilikuwa imefunguka hadi milimita 15 na kubaki ndani ya madumu, na ya shaba ilikuwa imekunjua ncha yake katika mabawa manne safi. Mjomba aliigeuzageuza ile yake kiganjani kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba labda ingefaa kwa mnyama mkubwa zaidi, jambo ambalo sikulipinga, maana ni kweli.

Ilibaki kuchagua kati ya mbili, na hapo mtutu wenyewe ndio ulioamua. Watu hudhani mtutu mfupi hauna shabaha, kumbe ufupi huo huufanya uwe mkakamavu na kupunguza mtikisiko. Ila kila mtutu una risasi unazozipenda na usizozipenda. Kwa mita 100 risasi za shaba zilitawanyika kwa sentimita 7, huku zile za ncha laini zikikusanyika ndani ya sentimita 3. Nilisikitika, lakini karatasi ya shabaha haina upendeleo.

Kabla ya kufunga hesabu nilitaka kipimo kimoja kisichotoka kinywani mwangu wala mwa mjomba. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani inataka risasi ya kulungu wakubwa iwe na kipenyo kisichopungua milimita 6.5 na nguvu isiyopungua jouli 2,000, na nguvu hiyo inapimwa kwa umbali wa mita 100, si mdomoni mwa mtutu, kipimo ambacho nakiona cha busara kuliko namba za pakiti. Kwa mwendo tulioupima, risasi ya greini 150 ingefika hapo ikiwa na jouli kama 2,450. Kwa mita 200 ingekuwa imeshuka chini kidogo ya 2,000, nami nikaweka mpaka wangu hapo.

Nilirekebisha darubini ili risasi ikutane na mstari wa macho kwenye mita 150, yaani ipige sentimita tatu na nusu juu kwa mita 100 na karibu sentimita 9 chini kwa mita 200, kiasi ambacho bado kinaangukia kwenye mapafu ukilenga katikati ya kifua. Mjomba alirudisha pakiti yake mkobani kwa ajili ya bunduki yake ndefu. Mimi nilitafuta pakiti nyingine za ncha laini zenye namba ileile ya toleo la kiwandani, kwa kuwa toleo jingine laweza kuwa na baruti tofauti kidogo, na darubini ingehitaji kurekebishwa upya.