Kitanda cha Chausiku, na viroboto walionifundisha kufua

Mwezi wa saba Arusha sio mchezo jamani. Huku tupo karibu mita 1,400 juu, asubuhi ya kipupwe sakafu ya saruji imepoa mpaka soksi hazisaidii, sasa mnyama wa kilo tatu anayelala hapohapo chini anajisikiaje? Hilo swali ndo lilinianzisha mwaka jana, paka wangu Chausiku alipozaa watoto watatu nyuma ya ndoo za maji jikoni, na vitoto vya paka wiki za mwanzo haviwezi kabisa kujipasha joto vyenyewe, vinategemea mwili wa mama na kile vilicholalia.

Nikaenda dukani nikanunua kitanda cha paka kile cha duara chenye manyoya manyoya, kizuri kweli. Ila hakikuwa na zipu, sponji imeshonewa humohumo ndani. Watoto wakakikojolea, nikafua chote, kikakaa kwenye kamba siku nne na manyunyu yale ya asubuhi, nje kikavu ndani kibichi, siku ya tano kinanuka uvundo. Nikakitupa na hela ilishatoka, iliniuma sana. Sasa hivi mtu akiniuliza anunue kipi namwambia kabla hujaangalia rangi kigeuze utafute zipu, kama foronya haitoki achana nacho.

Alafu wakaja viroboto. Mimi nilikuwa najua viroboto wanakaa kwenye paka, kumbe waliokomaa tu ndo wapo mwilini! Daktari wa mifugo alinieleza taratibu, mayai hayagandi kwenye manyoya, yanateleza na kudondoka pale mnyama anapolala, jike mmoja anataga makumi kwa siku, yanaanguliwa vibuu vinavyokwepa mwanga na kujificha kwenye mikunjo ya tandiko, vinakula vinyesi vya viroboto wakubwa ambavyo ni damu iliyokauka, baadaye vinajifungia kwenye kifuko na humo vinaweza kukaa hata miezi vikisubiri mnyama apite. Yaani nilikuwa namhangaikia paka na shamba lote lipo kwenye kitanda.

Tangu hapo nafua kila wiki. Nakung'utia nje kwanza, nachemsha maji, sabuni ya unga kidogo, nasuuza mpaka povu liishe, alafu jua kali la mchana pande zote mbili, na siku hiyohiyo nafagia pale chini kitanda kilipokuwa, hadi kwenye kona. Sio wiki moja ukaacha, sababu ya vile vifuko.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Zile dawa za kusafishia ambazo ukimimina kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa, usiloweke tandiko la paka, nyingi zina kemikali ya fenoli na ini la paka haliiwezi, na atajilamba tu. Vilevile dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, usimpake paka wala usinyunyize kitandani kwake, inaua. Soma karatasi ya dawa hata kama muuzaji anakwambia ni zilezile.

Kitanda cha sasa hivi nimekitengeneza mwenyewe. Nilimpima Chausiku akiwa amejikunja, nikaongeza kama sentimita 15, sababu paka anapenda mgongo uguse ukingo. Chini ni boksi la mafuta ya kula nimelikata mbele aingie kirahisi, limeinuliwa juu ya vipande viwili vya mbao lisiguse saruji, ndani nimeweka kigodoro cha sufi, fundi cherehani kanishonea foronya mbili zenye zipu moja ikifuliwa nyingine ipo, na juu kabisa sweta zito la mtumba nililolipata soko la Memorial pale Moshi. Vifungo nimetoa vyote, na pale nilipokata nimepiga pindo, sababu uzi ukifumuka paka anameza na utumbo unaweza kuziba, hiyo ni ya kwenda kupasuliwa.

Siku ya kwanza hakulala. Nikakumbuka kwamba paka anaijua sehemu yake kwa harufu, nikatandika kitambaa alicholalia zamani bila kukifua, na boksi nikalisogeza pale juu ya kabati fupi alipopenda mwenyewe, mbali na mlango. Usiku uleule akajikunja humo. Ndo maana sifui vitu vyote siku moja, lazima kimoja kibaki na harufu yake.

Watoto wawili nimeshawagawa kwa majirani walipofika miezi mitatu. Lile sweta lilikuwa na mikono mirefu, nikaikata, nikapiga pindo, kila mtoto akaondoka na mkono mmoja wenye harufu ya mama yake.