Mukombero, Panya na Swali la Mjomba

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, mjomba alinitumia mfuko wa mukombero kwa basi kutoka Kakamega. Kule kwetu mzizi huo huuzwa kandokando ya barabara, na wanaume huutafuna mchana kweupe huku wakitupiana utani ambao siwezi kuuandika hapa. Mimi niliutaka wa kusaga. Tulikuwa tunaupima kwa panya madume, tujue kama sifa zake za kuongeza nguvu za kiume ni za kweli. Ulipokauka, ulinukia vanila hadi ukaizima harufu ya mkojo wa panya, na aliyewahi kufuga panya anajua hilo si jambo dogo.

Jaribio lilifanyika jioni chini ya taa nyekundu hafifu, kwa kuwa panya huchangamka gizani na mwanga mwekundu hawauoni vizuri. Majike walikuwa wametolewa ovari, wakadungwa homoni za kike, estrojeni siku mbili kabla na projesteroni mchana ule, ili wote wawe kwenye joto, yaani tayari kupandwa, kwa wakati mmoja. Madume walikuwa na alama za wino mkiani: wengine walinyweshwa maji matupu, wengine sildenafili, ile dawa ya Viagra, wengine mukombero. Nani kapewa nini, alijua mwalimu wetu peke yake.

Kazi yangu ilikuwa kushika saa na kuandika: kachukua muda gani kabla ya kupanda, kapanda mara ngapi, akimaliza anapumzika kiasi gani. Dume wa kwanza alienda zake konani akajisafisha masharubu. Jike akamrukia mbele, masikio yakimtetemeka, akasimama ghafla na kubonyeza mgongo. Dume akamnusa, akarudi konani.

"Huyo ni wa maji," mwenzangu akaninong'oneza.

Aliyemfuata, mwenye mistari miwili ya bluu, hakuhitaji kubembelezwa. Kalamu yangu ilishindwa kwenda naye sambamba.

Orodha ilipofunguliwa, yule wa konani alikuwa wa mukombero. Mistari miwili ya bluu: maji.

"Ndiyo maana hatupimi panya mmoja," mwalimu alisema, wala hakucheka. Na kweli, kwa wastani kundi la mukombero liliwapita kidogo wale wa maji, ingawa si kwa kiasi cha kutangazia sokoni.

Usiku mjomba akapiga simu kudai matokeo. Nikamweleza yote, wastani na makundi, mpaka nikafika kwa bingwa wetu. Akanyamaza kidogo.

"Sasa mpwa wangu, hayo maji mnayachota wapi?"