Tafakari ya Juma: Mdomo Usioweza Kuimba

Wapendwa katika Kristo, Marko 15:23 inatueleza kwamba Bwana wetu alipofikishwa Golgotha alipewa divai iliyotiwa manemane, naye hakuipokea. Hapa Nairobi nimewasikia waamini wakiutumia mstari huo kumshawishi mgonjwa wa saratani aiache mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, avumilie, na ayatoe maumivu yake kuwa sadaka. Ushauri huo nauona mzito mno kwa mtu ambaye, kwa vidonda vya mdomoni vinavyoletwa na matibabu, hata mate yake mwenyewe yanamshinda kumeza. Kristo alikataa kikombe kile katika kazi iliyokuwa yake peke yake. Hakumwamuru mgonjwa yeyote akikatae, na katika Luka 10:34 anatuwekea mbele Msamaria aliyeyamiminia majeraha mafuta na divai.

Dawa za kemo, yaani za kuua saratani, hushambulia chembe za mwili zinazogawanyika upesi, na kwa kuwa utando wa ndani ya mdomo nao hujifanya upya kwa haraka, huumia pamoja na uvimbe unaolengwa. Vidonda huanza yapata wiki moja baada ya dozi, na mara nyingi hupona katika wiki 2 au 3. Kwa anayetibiwa kwa mionzi ya kichwa na shingo, huja polepole na hukawia hata baada ya matibabu kwisha. Si laana, wala si dalili kwamba saratani imehamia mdomoni.

Kwa hiyo jumuiya inapomtembelea mgonjwa wa namna hii, isimpelekee chai ya moto, maji ya machungwa wala kachumbari, hata kama ndivyo tulivyozoea kuonyesha upendo. Uji uliopoa na parachichi lililopondwa vitamfaa zaidi. Asukutue mara kwa mara kwa maji ya vuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa lita moja, atumie mswaki laini, na aepuke dawa za kusukutua zenye spiriti. Siku ya Komunyo, hosti kavu hung'ang'ania kwenye kaakaa lenye vidonda, na divai huchoma; hakuna aibu kumwomba padre kipande kidogo tu, pamoja na maji ya kumezea.

Maumivu yakizidi, daktari anaweza kuandika mofini ya maji, ambayo hunywewa kwa saa maalumu bila kungoja maumivu yapande. Hofu ya uraibu imewatesa wengi bure, kwa maana ikitumiwa kwa maumivu ya saratani chini ya uangalizi, jambo hilo si la kawaida. Kufunga choo ndiko kunakosumbua zaidi, na kuna dawa yake. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990 jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hufanya kazi hiyo hiyo ya kutuliza maumivu. Eliya alipochoka hadi kuomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea. Alimwamsha mara mbili, akampa mkate na maji, naye akalala tena katikati.

Jambo moja lisingoje Jumapili: joto la mwili likifika nyuzi 38 wakati wa kemo, mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo, nasi tusali tukiwa njiani.