Siku moja maishani mwangu: natengeneza programu ya kuhariri podikasti

Saa 12 asubuhi. Sinza, hapa Dar es Salaam, bado imetulia na umeme upo, kwa hiyo nawasha kompyuta kabla ya chai. Jana tulirekodi mazungumzo na mzee mmoja fundi seremala. Kamera tatu: ya mtangazaji, ya mgeni, na simu inayowachukua wote wawili. Kila mtu na maiki yake. Programu zinazokata video zenyewe zipo, na zina kasi, lakini nyingi hufuta kila ukimya. Mzee akinyamaza kabla ya kujibu, anafikiri, na mimi nataka mtazamaji amwone akifikiri. Ndiyo sababu natengeneza yangu.

Saa 2. Namweleza msaidizi wa akili mnemba kwa Kiswahili cha kawaida: nina video tatu na sauti mbili, zioanishe kwa mlio wa viganja nilivyogonganisha mwanzoni, unaosikika kwenye zote. Ananiandikia msimbo wa Python, lugha ya kuandikia programu, unaoiendesha FFmpeg, programu huria ya video iliyoanza mwaka 2000. Nausoma mstari kwa mstari. Nisipoelewa, nauliza.

Saa 4. Picha ya simu inaanza sawa na sauti, lakini kadiri muda unavyokwenda mdomo na maneno vinaachana. Msaidizi ananiambia nikague kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa kila sekunde. Kumbe simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka, hasa mwanga ukipungua. Tunaibadilisha iwe fremu 25 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho, na kila kitu kinakaa mahali pake.

Saa 6 mchana, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Kanuni ya kuchagua kamera ni nyepesi: mwenye sauti kubwa ndiye anayeonekana. Sasa sikiliza mazungumzo yetu yanavyoanza. "Shikamoo mzee." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo, za nyumbani?" "Nzuri, watoto hawajambo?" Picha inarukaruka mpaka macho yanauma. Halafu mtangazaji wetu ni mtu aliyelelewa: mgeni akiongea, yeye anaitikia "eeh", "naam", na kila akiitikia kamera inamkimbilia. Msaidizi anapendekeza tuzifute hizo "eeh" zote. Nakataa. Zikifutwa, mzee ataonekana kama hasikilizwi, na mtazamaji wa nyumbani ataona mazungumzo yamepoa. Tunaandika kanuni nyingine: sauti isiyofika sekunde moja na nusu haihamishi kamera, na wawili wakipokezana harakaharaka, ionekane picha ya pamoja. Salamu zinapendeza sasa.

Saa 9. Ukimya. FFmpeg ina kichujio cha kuutafuta. Usipokigusa, hutaka sauti iwe chini ya desibeli -60 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa sekunde 2. Chumba chenye feni hakiwezi kufika huko, kwa hiyo napandisha kiwango hadi -35. Na siruhusu kikate chochote. Kinaniorodheshea dakika na sekunde tu, nami naamua. Mzee alipoulizwa kuhusu fundi aliyemfundisha, alitazama mikono yake muda mrefu kabla ya kusema neno. Hapo sigusi. Alipokuwa akitafuta miwani, nakata.

Saa 11 jioni. Kwa maandishi ya chini natumia Whisper, programu ya kugeuza maneno yanayosemwa kuwa maandishi, ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa mwaka 2022 na inafanya kazi kwenye kompyuta yangu bila intaneti. Kiswahili inakijua kiasi, ila majina ya mbao yanaipiga chenga. Naipa maneno ya kutegemea mapema: mninga, mkongo, mvule. Matokeo yanakuwa bora, ingawa bado nayapitia yote kwa jicho.

Saa 1 usiku namtumia mtangazaji video nzima. Anajibu kwamba salamu zimekaa vizuri, halafu anaongeza: wiki ijayo wageni ni wawili, mtu na mkewe, nao watatumia maiki moja. Basi kanuni ya mwenye sauti kubwa haitatosha. Namwandikia msaidizi swali la kwanza kuhusu hilo, kisha naenda kula.