Gramu Sita

Droni yangu ilikuwa ya milimita 65, kipimo cha kutoka mota moja hadi iliyo mkabala nayo kwa mshazari, na rafadha zake zilikuwa za milimita 31. Unairusha ukiwa umevaa miwani inayokuonyesha kile kinachoonwa na kamera, kwa hiyo kila kasoro yake unaihisi kama iko mwilini mwako. Ikikata kona, ilizama. Nikiishusha ghafla kisha niinyanyue, iliangukia ndani ya hewa iliyovurugwa na rafadha zake yenyewe, na picha ikatikisika hadi mlango usionekane.

Binamu yangu alisema mota zimechoka. Mimi nilishuku uzito, lakini mizani ya jikoni haitambui nusu gramu, basi tukaenda kwa sonara mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, rafiki wa baba tangu ujana.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba wanangu. Mwaleta dhahabu?”

Akaiweka juu ya mizani yake kwa uangalifu uleule anaoupa mkufu. Droni tupu, gramu 24.6. Betri ya 450 mAh (kipimo cha umeme inaohifadhi) peke yake, gramu 11.9. Akanitazama. “Thuluthi ya mzigo wako ni hii moja. Wataka kukata wapi kwengine?”

Alikuwa na haki, ila mimi nilitaka kukata kote.

Jioni ile tuliifungua mezani. Kila mota huja na kiplagi chake cha plastiki na waya mrefu kuliko unavyohitajika. Tuling'oa viplagi na soketi zake, tukafupisha waya, tukazilehemu moja kwa moja kwenye bodi: waya tatu kwa kila mota, viungo kumi na viwili, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Mpangilio wa waya hizo tatu haukunitia wasiwasi, kwa kuwa mota ikizunguka kinyume unaigeuza kwenye programu. Gharama yake ni kwamba mota ikifa, huibadilishi bila kulehemu upya. Niliikubali. Skrubu za chuma za kifuniko cha kamera zikawa za nailoni, na kifuniko chenyewe tukakipunguza pembeni kwa mkasi. Rafadha za mabawa manne nikaziweka kando nikavalisha za mabawa mawili, ambazo hutumia umeme kidogo zaidi. Mipangilio ya Betaflight, programu inayoiongoza droni, sikuigusa hata kidogo, maana nilitaka kujua kazi imefanywa na nini.

Sonara aliipima tena kesho yake: gramu 22.3. Kwa betri mpya ya 300 mAh, yenye gramu 8, jumla ilitoka 36.5 hadi 30.3. Karibu sehemu ya sita ya uzito wote ilikuwa imeondoka!

Tuliirusha katika ukumbi wa chini wa nyumba ya shangazi, viti vikiwa vimesogezwa ukutani. Ilielea kwa nguvu kidogo sana hata kidole changu kwenye rimoti kikaona ajabu. Nikaipitisha chini ya meza, nikaikunja mlangoni, haikuzama. Volti hazikuporomoka nilipoinyanyua kwa nguvu, na ilipotua mota zilikuwa na uvuguvugu tu.

Muda wa hewani ulipungua, kutoka kama dakika tano hadi chini kidogo ya nne. Nazipenda hizo nne mara nyingi zaidi. Betri kubwa nilimpa binamu, maana droni yake ya milimita 75 inazibeba bila taabu.