Picha imeganda, sauti inaendelea

Ujumbe wa kwanza uliingia dakika ya 41: "Picha imeganda, sauti inaendelea." Wa pili ukafuata papo hapo: "Kwangu pia." Kisha jumbe zikamiminika. Jukwaani kwaya ilikuwa katikati ya wimbo wa saba, nami niko nyuma ya meza na laptopu na kamera mbili, narusha tamasha moja kwa moja mtandaoni, natoka jasho kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Nikazima matangazo, nikawasha upya. Dawa hiyo ilishika dakika tatu, halafu tukarudi palepale.

Usiku ule nilimtukana mtoa huduma wa intaneti kimoyomoyo mpaka nikalala. Kabla ya kulala nilipima kasi ya kupakia: megabiti 8 kwa sekunde. Mimi natuma kilobiti 4,500, yaani megabiti nne na nusu. Sasa tatizo liko wapi? Nikajiona nimeonewa tu.

Kilichonifungua macho ni dirisha dogo la takwimu ndani ya OBS, programu ninayorushia matangazo, ambalo lilikuwapo siku zote na sikuwahi kulifungua. Linahesabu fremu zilizopotea, yaani zile picha moja moja zinazounda video, tena kwa mafungu matatu. Kuna ambazo hazikuchorwa kwa wakati: hapo kadi ya picha imezidiwa. Kuna zilizorukwa wakati wa kubana video: hapo enkoda, yaani kibanio cha video, imeshindwa kwenda na kasi, na kama enkoda yako inategemea prosesa, basi prosesa ndiyo inayolia. Na kuna zilizotupwa mlangoni kwa sababu njia ya mtandao haikuzipitisha. Mtazamaji haoni tofauti, kwake zote ni picha kuganda. Kwako wewe unayerusha ni maradhi matatu, na dawa ya ugonjwa mmoja haiugusi mwingine. Ukimpunguzia bitireti, yaani kiasi cha data unachotuma kila sekunde, mgonjwa wa prosesa, utapata picha mbaya inayoganda vilevile.

Mimi nilikuwa na mawili kwa mpigo.

La prosesa nililitafuta mwenyewe. Nilisikia kwamba enkoda ya x264, inayotumia prosesa, ukiipa mpangilio wa polepole inatoa picha safi zaidi, basi nikaitoa kwenye mpangilio wa haraka sana nikaipeleka kwenye wa kati. Ni kweli picha inakuwa safi, kama unahifadhi faili na hakuna anayekusubiri. Lakini ukirusha fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 33 za kushughulikiwa, basi. Ikichelewa inarukwa. Nilipoangalia, prosesa ilikuwa inagonga asilimia 95 na feni inavuma kama inataka kupaa. Nikahamishia kazi kwenye enkoda ya kadi ya picha, NVENC, prosesa ikapumua. Nikashusha pia ubora wa picha kutoka 1080 hadi 720. Fremu ya 1080 ina pikseli 2,073,600, ya 720 ina 921,600, chini ya nusu, na watu wamesimama wanaimba, hawachezi mpira. Hakuna hata mmoja aliyelalamikia ukungu.

(Laptopu iinue juu ya vitabu viwili ipate hewa, na iwe kwenye umeme, si betri. Ikipata joto kali inajipunguzia kasi yenyewe, wala haikuambii.)

Nikadhani nimemaliza. Tukafanya jaribio la tamasha zima, fungu la prosesa likabaki sifuri, nikatabasamu. Karibu na dakika ya 40 fungu la mtandao likaanza kupanda: fremu 20, 90, 300. Nikaachana na Wi-Fi, nikavuta waya kutoka kwenye ruta. Waya ulisaidia, huo sitaurudisha kabatini, maana masafa ya 2.4 GHz yana msongamano wa kila kifaa kilichomo chumbani. Lakini ile dakika ya 40 haikuondoka. Jaribio la pili, dakika ya 38. La tatu, 43. Ajabu ni kwamba kila nikipima kasi baadaye napata megabiti 8 zilezile.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mchawi alikuwa simu yangu. Naitumia kusoma jumbe za watazamaji, na kufikia katikati ya tamasha chaji inakuwa imekwisha, kwa hiyo naichomeka kwenye umeme pembeni ya laptopu. Nami niliiagiza zamani, nikasahau: ikiwa kwenye chaji na ina Wi-Fi, ipandishe picha na video zote mtandaoni kama akiba. Ndani yake zimo video ndefu za mazoezi ya kwaya hiyohiyo. Basi kila nikiichomeka, inaanza kumwaga video za mazoezi kwenye njia ileile ninayopitishia tamasha. Nikifika saa ya kupima kasi, imeshamaliza kazi yake, imelala.

Hapo ndipo nilipoelewa ule ujumbe wa kwanza. RTMP, njia ninayotumia kutuma video kwenye seva, inapita juu ya TCP, utaratibu wa kusafirisha data mtandaoni, na TCP haiachi kitu nyuma: kinachokwama kinasubiri foleni, na vya nyuma yake vinasubiri pia. Foleni ikirefuka kupita kiasi, OBS inaanza kutupa fremu za picha, sauti inaiacha ipite. Mtazamaji anabaki anasikia kwaya huku mwimbaji wa mbele kaachama mdomo dakika nzima.

Nimezima kule kuhifadhi akiba, na bitireti nimeishusha hadi kilobiti 3,000. Wengine hutumia asilimia 70 au 80 ya kasi waliyopima. Mimi sivuki nusu. Kipimo cha kasi ni picha ya sekunde chache, tamasha ni dakika 90.

Tamasha la mwisho, fremu 162,000 zilitoka, zikapotea 14. Hata hivyo mtu mmoja aliandika kwamba kwake kiduara kinazunguka tu. Zamani ningekurupuka nikazima kila kitu. Safari hii niliangalia takwimu kwanza, zikawa safi, nikaangalia kama kuna mwingine anayelalamika, hakuna. Nikamwambia ashushe ubora upande wake hadi 480. Akajibu, "Imekaa sawa."

Kilichobaki ni uchelewaji. Video inafika kwa watazamaji ikiwa imekatwa vipande vya sekunde kadhaa, na kicheza video hukusanya vipande vichache kabla ya kuanza kuonyesha, kwa hiyo wananiona kama sekunde 20 nyuma. Kuna mpangilio wa kupunguza, niliujaribu mara moja, wenye intaneti dhaifu wakaanza kukatikiwa, nikaurudisha. Ndiyo maana dada yangu bado ananiandikia, "Waambie warudie ubeti ule!" wakati kwaya imeshashuka jukwaani na mimi nakunja waya.